Mwalimu Aliyekataa Chai Yangu

Kabla ya yote naomba mnivumilie. Shule niliyosoma ni ya msingi tu, tena kambini, chini ya turubai, na mkono wangu haujazoea kalamu. Herufi zangu hulala upande mmoja, na sina shaka kwamba mtakuta makosa mengi ya tahajia humu ndani. Mkiona neno halieleweki, lisomeni kwa sauti, huenda likaeleweka. Nimeandika polepole, siku nyingi, baada ya shifti, na nimeandika kwa sababu kuna mtu ninayetaka mumjue.

Tulimwita Mwalimu. Jina lake ninalijua lakini sitaliandika. Alizaliwa wapi na wazazi wake ni akina nani, hayo wanayo watoto wake. Mimi nitasema niliyoyaona. Alikuwa, na bado ni, mzee wa Kichina, mwembamba, mwenye masikio makubwa, ambaye hufunga vifungo vya shati hadi shingoni hata katika joto la Julai. Kwa miaka kadhaa alitufundisha taichi kila Jumamosi asubuhi, kwenye uwanja wa nyasi nyuma ya majengo tunayopanga hapa Beltsville. Taichi ni mapigano ya Kichina yanayochezwa taratibu kiasi kwamba anayetazama hudhani ni mazoezi ya wagonjwa wa mgongo. Na alitufundisha kwa Kiswahili.

Najua mtauliza Kiswahili alikipata wapi. Alikisoma Beijing akiwa kijana, kisha akapelekwa Tanzania kuwa mkalimani kwenye kambi za Wachina waliokuwa wakijenga reli. Miaka ikapita, binti yake akapata kazi huku Maryland, kazi ya mambo ya mbegu, naye akamfuata. Nadhani alikaa muda mrefu bila mtu wa kuzungumza naye Kiswahili, mpaka siku tulipokutana naye kwenye matembele.

Ilikuwa katika duka kubwa la vyakula vya Waasia, kwa sababu ndiko yanakopatikana matembele mabichi. Nilikuwa na Mama Furaha, jirani yetu wa Uvira aliyenichukua kambini nilipobaki peke yangu, na ambaye ninaishi naye hadi leo. Mama Furaha alimwona mzee mmoja akigeuza fungu la matembele, analinusa, analirudisha, anachukua lingine. Akasema kwa sauti, maana hapa tumezoea kwamba hakuna anayetuelewa:

"Angalia ule mupapa. Anapapasa majani sawa anayatongoza."

Mzee hakugeuka. Alisema, "Mama, ukinunua bila kupapasa utakwenda kutafuna miti."

Mama Furaha aliachia kikapu. Alisema "Yesu wangu!" halafu akacheka mpaka ikabidi akae juu ya magunia ya mchele. Mzee alimngoja amalize kucheka, akamtazama anavyoinuka, akamuuliza kwa nini anainuka kama amefungiwa jiwe kiunoni upande mmoja. Mama Furaha akamweleza kwamba kazi yake ni kuhudumia wazee, kuwainua kitandani na kuwaogesha, na mgongo umemchoka. "Njoo Jumamosi," alisema mzee. "Njoo na huyu pia, huyu asiyesema."

Asiyesema ndiye mimi. Baadaye alinipa jina, Kimya, na mpaka leo watu wa uwanjani hawanijui kwa jina lingine.

Kiswahili chake kilikuwa kisafi na cha zamani. Alituita sote Ndugu. Ndugu Mama Furaha, Ndugu Kimya. Alipenda kuamkiwa shikamoo, jambo ambalo sisi wa Kongo hatukulelewa nalo. Mama Furaha alikuwa akifika na kusema, "Jambo, Mwalimu," naye anabaki amesimama, hajibu, anatazama mawingu, mpaka Bi Salma anamfinya Mama Furaha na shikamoo inatoka. Bi Salma ni wa Tanga, naye ni mhudumu wa wazee, na alifurahi sana kwa hilo. "Tumekuja Amerika," alisema, "kufundishwa adabu na Mchina."

Mwanzoni Mwalimu alijaribu kumsahihisha Mama Furaha. "Si batu, Ndugu. Ni watu."

"Kwetu ni batu, Mwalimu. Na tuko bengi."

Alifikiri kidogo. "Basi," alisema, "batu wote wainue mikono."

Kwa watoto alikuwa mkali zaidi. Furaha, binti wa Mama Furaha, anaelewa Kiswahili chote lakini humjibu mama yake kwa Kiingereza. Kwa Mwalimu hilo halikufaa. Alikuwa anajua Kiingereza vizuri, nimemsikia mwenyewe akigombana na dereva wa basi, lakini mtoto akimsemesha Kiingereza aliweka mkono sikioni na kusema, "Sisikii." Furaha alihangaika. Siku moja mpira wake uliingia miguuni mwa Mwalimu naye akasema, "Mwalimu, naomba... naomba ile kitu." Mwalimu akaurudisha mpira kwa teke zuri sana, na Mama Furaha akafuta macho kwa kitenge chake.

Mienendo ya taichi ina majina, naye alikuwa ameyageuza yote kuwa Kiswahili tangu akiwa kambini, ili apate kujizoeza lugha. Korongo Mweupe Akunjua Mbawa. Mikono kama Mawingu. Sindano Chini ya Bahari. Lililotuletea tabu ni lile linaloitwa Rudi Nyuma Umfukuze Nyani. Watu wa kikundi cha maombi walimuuliza Mama Furaha nyani huyo ni pepo gani, naye akamuuliza Mwalimu mbele ya wote.

"Ni nyani," alisema Mwalimu. "Anakula mahindi yako."

Tangu siku hiyo wale waliolima kwao waliucheza mwendo huo kuliko mwingine wowote, na kwa hasira ya kweli.

Swali lake kubwa lilikuwa, "Uzito uko mguu gani?" Aliliuliza uwanjani, lakini pia aliliuliza dukani, kwenye ngazi, na katikati ya mazungumzo ya mambo mengine kabisa. Unamsimulia habari za bosi wako, anakutazama chini na kuuliza uzito uko mguu gani. Mama Furaha alikuwa akijibu, "Pote pote, Mwalimu, pote pote," naye alitikisa kichwa kwa huzuni kama mtu aliyeambiwa nyumba imebomoka.

Alitufundisha kwenda polepole, lakini yeye mwenyewe hakuwa na subira hata kidogo. Taa nyekundu ya barabarani ilimkera. Alikula haraka mpaka akaunguza ulimi, akilaumu uji. Alisema taichi si mashindano, na nyumbani alitazama mieleka kwenye televisheni akipiga kelele. Siku moja kijana mmoja mkubwa wa kanisani, mwenye mabega kama mlango, alikuja kutucheka. Mwalimu alimwomba amsukume kifuani. Kijana aliogopa kumuumiza mzee, akasukuma kidogo. "Sukuma kama mtu aliyekula," alisema Mwalimu. Kijana akasukuma kweli, na sisi hatukuona kilichotokea, ila tulimwona kijana amekaa kwenye nyasi akishangaa. Mwalimu alisema, "Ameteleza. Nyasi zina umande." Lakini alitembea kwa maringo wiki nzima, na Bi Salma alisema hata masikio yake yamenenepa.

Mimi sikusema naye kwa miezi mingi na hakunidai maneno. Alikuja akasimama karibu nami, nasi tukasogea. Mahali pengine kote, kazini kwenye chumba cha kufulia cha wazee, kanisani, kwenye basi, nilikuwa ninaona watu wanangoja niseme kitu. Kwa Mwalimu hapakuwa na la kusema. Nilifurahi kwa namna ambayo sikuwa nimeizoea, na nilianza kufanya mazoezi kila siku, hata kati ya mashine za kufulia.

Sasa nieleze habari ya chai.

Siku moja baada ya mazoezi Mama Furaha aliwaalika Mwalimu na Bi Salma kwake. Nikapika chai ya maziwa na tangawizi. Kwetu binti hampi mzee kikombe akiwa amesimama wima kama mti. Nilifanya nilivyofundishwa na marehemu mama yangu: nilipiga goti mbele ya kiti chake, nikainamisha kichwa, nikamnyooshea kikombe kwa mikono miwili.

Mwalimu alikipokea. Halafu akabaki nacho. Alikitazama kile kikombe, akanitazama mimi, akakiweka mezani taratibu kana kwamba kimejaa mpaka juu, na hakukigusa tena. Alizungumza kidogo juu ya hali ya hewa. Akaaga.

"Hakukunywa!" alisema Mama Furaha mlango ulipofungwa. "Hata tone!" Kisha akajipiga paji la uso. "Kumbe ni sisi. Mutoto, weye hukuonja!"

Niwaeleze wasiojua. Kwetu anayetoa kinywaji hukionja kwanza mwenyewe, mgeni aone kwamba hakina sumu. Mimi nilikuwa na hofu, nikasahau. Tukaamini kwamba mzee wa watu ameondoka akidhani tunataka kumuua. Nililia chooni. Jumamosi iliyofuata Mama Furaha alinituma uwanjani na chupa ya chai, akanisimamia kama askari. Nikamimina, nikaonja mbele ya watu wote, nikapiga goti kwenye nyasi, nikanyoosha mikono.

Mwalimu alirudi nyuma hatua moja.

"Inuka, Kimya," alisema. "Tafadhali inuka."

"Ameonja, Mwalimu!" alisema Mama Furaha. "Umeona mwenyewe. Na mimi nitaonja. Na huyu Bi Salma ataonja."

"Sumu? Nani kasema sumu?" Alitutazama mmoja mmoja, akaelewa, akakaa kwenye benchi na kushika kichwa. Na hapo ndipo alipotueleza.

Katika taichi, alisema, kuna wanafunzi wa nje na wanafunzi wa ndani ya mlango. Wa nje anaweza kuwa yeyote, anakuja, anajifunza, anaondoka. Wa ndani anaingia ukoo. Mwalimu wake anakuwa mzazi wake, na mwalimu wa mwalimu wake anakuwa babu yake, hivyo hivyo kurudi nyuma mpaka kwa aliyeanzisha. Wanafunzi wenzake wanakuwa kaka na dada zake, na mkubwa si aliyezaliwa kwanza, ni aliyeingia kwanza. Na njia ya kuingia ni moja: mwanafunzi anapiga goti, anampa mwalimu chai kwa mikono miwili. Mwalimu akinywa, jambo limekwisha.

"Yaani chai ndiyo mahari?" aliuliza Bi Salma.

"Ndiyo. Ila huku hakuna talaka."

Walicheka, mimi sikucheka. Bado nilikuwa na kikombe mkononi. Mama Furaha aliacha kucheka, akasema kwa ukali, "Sasa kwa nini hukukunywa? Huyu mutoto haifai?"

"Anafaa," alisema Mwalimu. "Mimi ndiye sijaingia."

Alisema alipokuwa mvulana mwalimu wake alimfundisha kila kitu, uani, mlango umefungwa. Lakini ilikuwa ile miaka ambayo mila za zamani zilipigwa marufuku kwao. Mtu akionekana amepigiwa goti aliburutwa barabarani na kuaibishwa. Basi mwalimu wake hakumruhusu kupiga goti. Alimwambia wangoje, mambo yatapoa. Kabla hayajapoa kijana akapelekwa Tanzania, na aliporudi mwalimu wake alikuwa amekwisha kufa. "Nina vyote alivyonipa," alisema, "isipokuwa mlango. Siwezi kumpitisha mtu mahali ambapo mimi mwenyewe sikupita. Nikinywa chai yake nitakuwa nimemdanganya. Nikifa, yangu yanaisha na mimi."

Aliinuka, akapiga makofi mawili, akatuambia tujipange. Tuliucheza mfululizo wote wa mienendo siku ile. Mimi nilijua ninachotaka. Sikuwahi kutaka kitu waziwazi hivyo tangu tufike nchi hii, na sikuwa na mtu wa kumwomba, kwa sababu yule mwenye kutoa alikuwa hana.

Mara moja tu alitupeleka kuonana na watu wa taichi wengine. Walimu wengi wa Kichina wa maeneo haya walikutana katika ukumbi mmoja mtaa wa Shaw kuonyesha mitindo yao. Tulipanda metro, treni ya mjini, Mama Furaha akiwa na viatu vya kanisani. Kila mwalimu alipopanda jukwaani alitaja kwanza mwalimu wake, kisha mwalimu wa mwalimu wake, na yeye ni kizazi cha ngapi. Watu waliyapigia makofi majina kuliko mienendo. Ilipofika zamu ya Mwalimu, mwenye kipaza sauti alimuuliza ukoo wake. Nilikuwa karibu na niliona masikio yake yakibadilika rangi.

"Mimi ni mpenzi wa mchezo tu," alisema kwa Kiingereza.

Wakamwambia acheze mwisho, pamoja na wanaoanza. Alicheza. Ukumbi ulikuwa umeanza kukunja viti. Lakini bibi mmoja mwembamba wa mstari wa mbele alisimama wakati Mwalimu anafanya Mikono kama Mawingu, akaja mpaka chini ya jukwaa, akawa anatazama mkono wake wa kushoto tu. Mwalimu aliposhuka, bibi alimshika kifundo cha mkono na kumuuliza kitu kwa Kichina. Mwalimu alijibu neno moja. Bibi akaanza kulia.

Tulielezwa ndani ya treni. Mkono wa kushoto wa Mwalimu hugeuka kwa kuchelewa kidogo, kiwiko kinatangulia. Sisi sote tulikuwa tumeuiga tukidhani ndivyo mwendo ulivyo. Kumbe mwalimu wake alivunjika kifundo cha mkono akiwa mdogo, kikapona vibaya, na Mwalimu, alipokuwa mvulana akifundishwa uani, aliiga hata ulemavu huo. Yule bibi alikuwa binti wa mwalimu huyo. Wakati ule alikuwa mtoto mdogo aliyekaa kizingitini akila mbegu za alizeti, na Mwalimu ndiye aliyekuwa akimfuta kamasi. Sasa alikuwa bibi, anaishi Columbia, mji mwingine wa huku huku Maryland, kwa mwanawe.

"Anasema kuna njia," alisema Mwalimu, akitazama dirisha la treni ingawa nje kulikuwa giza la handaki. "Yeye aliingia mlangoni kwa baba yake, baada ya mambo kupoa. Aliyeingia anaweza kumpokea mtu kwa niaba ya marehemu. Sitakuwa mwanafunzi wake. Nitakuwa mdogo wake."

"Basi!" alisema Mama Furaha. "Si njo ile unatafuta?" Njo kwetu ni ndiyo.

Lakini Mwalimu hakwenda Columbia mwezi ule wala uliofuata. Bibi alipiga simu, naye alisema ana mafua. Alipiga tena, akasema goti linauma. Uwanjani alikuwa mkali, anatusahihisha vitu ambavyo havikuwa na kosa. Mimi nililala kila usiku nikiomba aende, na kila Jumamosi nilimtazama usoni kujua kama amekwenda.

Aliyemweza ni Mama Furaha. Alimkuta amekaa kwenye benchi, akasimama mbele yake, mikono kiunoni.

"Mwalimu, nikuulize. Uzito uko mguu gani?"

Alishtuka. "Nini?"

"Naona umesimama pote pote."

Alisema, kwa sauti ndogo, kwamba alikuwa Tanzania akicheka na kula mahindi ya kuchoma wakati mwalimu wake anakufa, na hakumzika. Na kwamba ni jambo gumu, mzee wa umri wake kumpigia goti mtoto aliyemfuta kamasi.

"Njo vile," alisema Mama Furaha. "Mimi naogesha wazee kila siku. Bote bako na kiburi mpaka maji inafika. Twende Columbia. Nitaendesha mimi."

Tukaenda, wanne katika gari lake, Bi Salma akiwa ameshika mto wa kuwekea magoti. Sebuleni kwa bibi kulikuwa na picha ya mwanamume mwembamba ukutani, na chini yake meza yenye matunda na vikombe vidogo. Bibi alikaa kando ya picha. Mwalimu alitazama ule mto wa Bi Salma, akausukuma kwa mguu, akapiga magoti sakafuni. Aliinama mpaka paji la uso likagusa mbao. Kikombe kimoja kiliwekwa mbele ya picha, kingine alipewa bibi kwa mikono miwili. Bibi aliongea muda mrefu kwa Kichina huku amekishika, na sisi tukabaki kama mashahidi viziwi. Mwalimu, ambaye amekuwa mkalimani maisha yake yote, hakuweza kutuacha hivyo. Akiwa vilevile chini, uso umeelekea sakafuni, alitutafsiria.

"Anasema baba yake aliniuliza hadi siku ya mwisho... Anasema alisema nitarudi... Anasema mimi ni mkaidi, nimemchosha kwa simu."

"Muambie tunajua," alisema Mama Furaha.

Bibi akanywa. Kisha akamshika Mwalimu mkono na kumwita kwa neno ambalo hakulitafsiri, lakini kila mtu ana mdogo wake na analijua linavyosikika. Aliinuka bila kushikwa. Njiani kurudi alicheka peke yake kila tuliposimama kwenye taa, na hakuilaumu hata taa moja.

Mnadhani alinigeukia palepale. Hapana. Jumamosi ilifuata, na nyingine, akatufundisha kama kawaida, na mimi sikuthubutu kuuliza. Baridi ikaja. Akaanguka kwenye barafu mbele ya nyumba yao, akafanyiwa upasuaji wa nyonga, na binti yake akahamia Columbia akamchukua. Uwanja ukabaki bila mwalimu. Watu waliendelea kuja kwa mazoea, na kwa kuwa mimi ndiye niliyekumbuka mfululizo wote, walinisukuma mbele. Ajabu ni kwamba anayeongoza taichi huwapa wenzake mgongo, na kwa mgongo mimi si mwoga.

Nilimwona tena vuli hii iliyopita. Nilipanda mabasi hadi Columbia, nikamkuta kando ya ziwa dogo, kwenye benchi, ameegemea fimbo, vifungo vimefungwa hadi shingoni. Nilimwamkia. Aliniuliza habari za batu wa Beltsville. Kisha akaonyesha kwa fimbo mahali penye nyasi, nami nikacheza mfululizo wote, tangu mwanzo hadi mwisho, watu wanaokimbia na mbwa zao wakitupita. Hakusahihisha kitu. Nilipomaliza sikujua nifanye nini na mikono yangu, na kwa kuwa palikuwa na baridi nilitoa chupa niliyokuja nayo, nikamimina chai, nikaonja, nikampa. Nilimpa nikiwa nimesimama, kwa makusudi, nisimsumbue.

Hakupokea.

"Kimya," alisema, "mbona umesimama?"

Sikumbuki kuinama. Nakumbuka unyevu wa nyasi ukipita kwenye suruali, na uzito wa kikombe ukiondoka mikononi mwangu. Alikunywa chote, haraka kama kawaida yake, akaunguza ulimi na kulalamika.

Nilikuwa bado chini aliposema, "Sasa sikiliza, usije ukajiona mkubwa. Wewe ni wa pili."

Nikainua kichwa.

"Wa kwanza ni Yohana," alisema. Na kwa mara ya kwanza alinisimulia habari za kijana mmoja wa kambi ya reli, karibu na Mlimba, ambaye kazi yake ilikuwa kubeba mataruma, yale magogo yanayolala chini ya vyuma. Kila asubuhi Mwalimu alipofanya mazoezi nyuma ya mahema, Yohana alisimama nyuma yake akamfuata. Wenzake walimcheka, hakujali. Alijifunza mfululizo wote. Kambi ilipohama, kila mmoja alikwenda njia yake. "Sikuwa na ruhusa ya kumpokea wakati ule," alisema Mwalimu. "Lakini dada mkubwa ameniingiza, na Yohana alikutangulia kuja kwangu. Siwezi kumruka. Yohana ni kaka yako mkubwa. Mtafute umwamkie. Ndiyo kazi ya mdogo."

Tumekubaliana kwamba Mama Furaha ni wa tatu na Bi Salma wa nne. Walikwenda wiki iliyofuata na kunywewa chai zao. Mama Furaha bado hajazoea. "Mimi nikuite weye dada?" anasema kila asubuhi. "Mimi nilikuchana nywele!" Lakini uwanjani ananiita dada, kwa sauti ya chini, na Bi Salma anamngoja amalize ndipo aanze kucheka.

Hiyo ndiyo sababu ya kuwaandikia. Kama kwenu, Mlimba, Ifakara, Makambako, au popote reli ile inapopita, kuna mzee anayeitwa Yohana aliyebeba mataruma ujanani, na asubuhi husimama uani akisogeza mikono taratibu, kiwiko cha kushoto kikitangulia, tafadhali msomeeni haya. Mwambieni aliyemfundisha yu hai, na kwamba ana wadogo zake watatu huku Maryland. Tuandikieni, kwa Kiswahili chochote mnachokisema nyumbani, hata mistari michache. Na kama ameshafariki, tuandikieni vilevile. Tuambieni ni nani aliyekuwa akisimama nyuma yake, maana huyo naye ni wa kwetu na tunataka kumjua.